Ubia wa Dhahabu: Hasara Ni ya Nani?

Katika semina za itikadi tumezoea kusikia kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu tayari wamo katika ushirika, maana kuanzia Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita hadi Kahama mkoani Shinyanga hakuna achimbaye peke yake. Kauli hii haina budi kukosolewa. Kufanya kazi pamoja si lazima kuwe ushirika. Hata bwana na mtwana walifanya kazi pamoja.

Tutazame hali halisi. Mwenye leseni ana haki ya eneo. Mwenye duara hutoa fedha za chakula, pampu na matimba ya kuegemeza kuta za shimo. Wachimbaji hutoa jasho. Mwenye karasha husaga mawe. Kila mmoja humtafuta mwenzake, lakini kwa kigezo gani? Mchimbaji asiye na akiba humfuata atakayemlisha leo. Mwenye leseni asiye na mtaji humfuata mwenye mtaji. Ni dhahiri basi kwamba anayechagua ni mwenye fedha, wengine huchaguliwa.

Mfano mmoja unatosha. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Mchanga unaobaki, yaani marudio, mara nyingi huachwa kwa mwenye karasha kama malipo yake. Baadaye marudio hayo huchenjuliwa kwa sayanaidi na kutoa dhahabu nyingine. Mchimbaji alidhani amepata karasha la bei nafuu; kumbe ameuza mali asiyoijua thamani yake.

Serikali haikukaa kimya. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma wa kigeni migodini aunde kampuni ya ubia na kampuni ya wazawa na kuipa hisa zisizopungua asilimia 20. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, lilimpa mchimbaji mizani ya hadharani. Hizi ni hatua za maana. Lakini mgeni akiachiwa amchague mzawa wa kutia sahihi tu, asiye na ufundi wala sauti, hisa hizo zinakuwa kodi ya kukodisha jina.

Wala tusiwakosoe wengine tukajisahau. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vya wakulima wa pamba wa kanda hii hii, vilivunjwa kwa uamuzi wa juu. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Somo alilolipata mkulima ni kwamba ushirika ni kitu cha kupewa na kunyang'anywa. Sisi wakufunzi tunapokwenda machimboni kuhimiza vikundi tunaikuta kumbukumbu hiyo. Kikundi kilichoundwa ili kimpokee mgeni wa heshima hufa mgeni akiondoka.

Kwa hiyo kada asihubiri umoja mtupu. Awasaidie wavujajasho kuuliza maswali matatu kabla ya kumkubali mbia yeyote, awe mgeni au mzawa. Duara likikosa dhahabu, hasara ni ya nani? Daftari la mapato linashikwa na nani, na nani anaruhusiwa kulisoma? Marudio ni mali ya nani? Anayekwepa maswali haya hatafuti mshirika. Anatafuta vibarua wasiodai mshahara.