Shangazi na Silikanti

Ukimwandaa mtoto wa darasa la nne kusema mbele ya wenzake, kazi ngumu ni kuuzuia mdomo wako mwenyewe. Mama mmoja wa Kigombe, Tanga, mkaanga samaki, anaiweza kazi hiyo kuliko wazazi wengi wasomi ninaowajua.

Binti wa kaka yake alipewa mada ya silikanti. Ni mada ya kwao hasa: kwa miaka mingi wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta samaki huyo kwenye majarife ya papa, na 2009 ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mtoto alikuja na ukurasa mzima aliounakili: samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Aliusoma mbio, pumzi juu juu.

Shangazi alimwacha amalize. Akageuza samaki karaini, ndipo akauliza: "Sasa huyo anaogeleaje?"

Kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakokustaajabia. Mapezi ya silikanti yameota juu ya mashina ya nyama, naye huyapeleka kwa kupishana: la kifuani kulia pamoja na la tumboni kushoto. Msichana alikuwa ameyanakili hayo bila kuyaona. Mafuta yakachemka, shangazi asiseme neno. Mwishowe mtoto akainama, mikono na miguu ikawa mapezi, akatambaa barazani polepole akijisahihisha mwenyewe.

"Anza na hapo, mwanangu. Na shikamoo ya mwalimu itangulie."

Kwenye manila akamruhusu mchoro mmoja tu, mkubwa, wa kuonekana na aliyekaa dawati la nyuma. Wakati wa mazoezi hakumwambia apaze sauti hata mara moja. Kila aliporudia, shangazi alihama: kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe, mkono sikioni. Sauti ikamfuata.

Likabaki jambo lililomtia mtoto hofu. "Shangazi, wakiniuliza kama analiwa?"

"Utawajibuje?"

Akafikiri. "Nyama yake ina mafuta yanayoharisha. Halafu wamebaki wachache."

"Wachache kwa nini?"

Mtoto akatazama ufukweni, wavuvi walikokuwa wakishona nyavu, baba yake akiwa miongoni mwao. Alichukua muda mrefu, na shangazi akampa muda wote huo.

"Jarife," akasema. "Nalo nitalitaja."