Maisha ya Pili ya Mpiga Nyuzi

Gitaa la Hawaii lilianza kwa mtu aliyechoshwa na mipaka ya gitaa. Shingo ya gitaa la kawaida imepandikizwa vipande vyembamba vya chuma, yaani vizuizi, na kila kipande kinaamua noti ianzie wapi na iishie wapi; kutoka noti moja hadi nyingine njia ya kawaida ni kuruka. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Laie katika kisiwa cha Oahu, kijana Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, alililaza gitaa mapajani akaanza kuburuza chuma juu ya nyuzi. Inasimuliwa kwamba chuma hicho cha kwanza kilikuwa bolti ya reli. Sauti ikaacha kuruka, ikaanza kuteleza, ikapanda na kushuka na kutetemeka mwishoni mwa sentensi kama ya mtu anayeimba. Wapigaji wa gitaa hilo, popote walipo, hupenda kujiuliza wangekuwa nani laiti wangepewa maisha ya pili katika muziki: mwimbaji, mpiga fidla, mpuliza saksafoni. Wengi hulichukulia swali hilo kuwa porojo za baada ya mazoezi. Mimi naliona ndilo shina la ufundi wenyewe. Mpiga chombo anayetamani kuwa mwanamuziki mwingine ndiye anayekilazimisha chombo chake kutoa kitu ambacho hakikuundiwa. Asiyetamani hubaki mtunzaji mzuri wa alichofundishwa, basi. Nitaitetea hoja hii kwa ushahidi wa Arua na Koboko, katika West Nile ya Uganda, ambako chombo cha nyuzi kinachojulikana kuliko vyote ni adungu.

Adungu, kinubi cha Waaluri ambacho siku hizi utakikuta kwa Walugbara na kwa majirani wao wote, ni chombo kigumu kukitamania maisha mengine. Mwili wake ni gogo lililochongwa likawa na tumbo, likafunikwa kwa ngozi iliyokazwa. Humo imechomekwa shingo iliyopinda kama upinde, yenye vigingi, na nyuzi saba, nane au kumi zinashuka kutoka kwenye vigingi hadi kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Leo fundi hununua mishipi ya nailoni, ileile ya wavuvi. Kila uzi una noti yake moja. Hapana pa kubonyeza wala pa kuburuza, kwa hiyo mpigaji aliyekipakata chombo mapajani hana namna ya kuipindisha noti ikishatoka. Anachoweza ni kuchagua noti ipi ifuate, kwa wepesi gani, na kwa nguvu ipi ya kidole. Sasa msikilize anayejua. Mkono mmoja unashika mzunguko usiochoka, mwingine unajibizana na mwimbaji, na pale sauti ya mwimbaji inapoteleza kutoka juu kwenda chini, vidole vinagusa nyuzi mbili zilizo jirani kwa haraka kiasi kwamba sikio linaapa kusikia mteremko ambao haupo. Ujanja huo hauwezi kuzuka kwa mtu anayefikiria nyuzi tu. Unazuka kwa mtu ambaye ndani ya kichwa chake amekwisha kuwa mwimbaji.

Mpiga adungu ana jirani waliokwisha kuyaishi maisha anayoyatamani. Zeze la uzi mmoja, ambalo Waganda huliita endingidi na watu wa kaskazini rigirigi, halina kizuizi chochote shingoni. Kidole hugusa uzi hewani, na kuteleza ndiyo tabia yake ya kuzaliwa. Mpiga zeze naye, kwa upande wake, ana uzi mmoja tu na hawezi kujipigia besi, kwa hiyo ana haki ya kumwonea wivu mpiga adungu. Na kuna agwara, zile pembe ndefu zinazopulizwa ubavuni, ambazo kila moja hutoa noti chache mno. Wimbo wa agwara haumo ndani ya pembe yoyote. Umegawanywa kwa wanaume wengi, na kila mpulizaji anaweza kuingia mahali pake kwa sababu tu anasikia kichwani sehemu za wenzake wote. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo: katika West Nile, kumwazia mwenzako mwenye chombo kingine ni sharti la kupiga hata noti yako moja.

Kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, gitaa la kuteleza lilifika kama sauti kabla ya kufika kama chombo. Mnamo mwaka 1950 huko Léopoldville, Zacharie Elenga, aliyejiita Jhimmy, alianza kurekodi katika studio ya Opika kwa mtindo ulioitwa wa Kihawaii, na ingawa kazi yake ilidumu miaka michache, wapiga gitaa wa Kongo waliomfuata hawakuusahau mlio ule. Mmojawao alikuwa Nicolas Kasanda, Docteur Nico, mzaliwa wa Kasai mwaka 1939. Huyu alihitimu ualimu wa ufundi mwaka 1957, na angeweza kuzeeka akiwafundisha vijana kushika tupa na randa. Lakini tangu umri wa miaka 14 alikuwa amekwisha kuingia bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, na solo lake ndilo tunalolisikia katika wimbo wa uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Baadaye, akiwa na African Fiesta Sukisa, alilichukua gitaa la Hawaii akalitia ndani ya rumba. Tayari alikuwa mpiga solo aliyetukuka. Hakuna aliyemdai zaidi. Alitaka tu kujua angekuwa nani kama vidole vyake visingekuwa na vizuizi, na ukisikiliza solo zake za gitaa la kawaida za miaka hiyo, utasikia zinavyokokota mwisho wa noti, zinavyochelewa kidogo kufika, utadhani chuma kiko mkononi. Maisha ya pili yalikuwa yamerudi kuyafundisha ya kwanza.

Redio na santuri hazikuhitaji pasipoti. Barabara ya kutoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ni ya takriban kilomita 92, na Koboko yenyewe iko karibu na mahali nchi tatu zinapokutana. Mfanyabiashara anayetoka Ariwara na yule anayetoka Kaya wanakutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Mnubi ana Kinubi chake nyumbani, Mkakwa Kikakwa, na wote wanaimba Kilingala hata pale wasipokielewa vizuri. Halafu kuna historia ambayo haikumwomba mtu ruhusa. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, umati wa watu wa West Nile ulikimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi hadi katikati ya muongo uliofuata. Leo mkondo umegeuka: Lobule, wilayani Koboko, inawahifadhi Wakongo, na Rhino Camp inawahifadhi watu wa Sudan Kusini. Watu wa aina hii hawahitaji kufundishwa kwamba mtu mmoja anaweza kuanza maisha zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu nadhani hoja yangu inaonekana vizuri zaidi huku kuliko katika mji ambao kila mtu alizaliwa, akasoma na akazeeka mtaa mmoja.

Atasema mtu kwamba haya ni mapambo tu juu ya umaskini. Mpiga adungu wa Arua, asubuhi, ana shamba au bodaboda au duka la reja reja. Anapoota kuwa mwanamuziki mwingine, anachoota hasa ni kulipwa. Hilo ni kweli, na anayelikana hajawahi kuona harusi inavyokwisha huku wapigaji wakisubiri ujira wao pembeni. Lakini ndoto ya kulipwa na ndoto ya kupiga vingine ni ndoto mbili. Ya kwanza inatimizwa na pesa, na ikitimizwa inaisha. Ya pili ilimshika Nico wakati jina lake limekwisha kufika kila mahali, na mtu mwenye jina la namna hiyo hakimbilii chombo kipya kwa ajili ya njaa. Tena tuwe waangalifu tunapomwonea huruma mwenye kazi mbili. Anayeshika panga asubuhi na nyuzi jioni anaisikiliza adungu kwa hamu ambayo mwenye kuipiga mchana kutwa anaweza kuipoteza.

Pingamizi zito ni jingine. Adungu imekwisha kupewa maisha ya pili mara moja, na gharama yake ilikuwa kubwa. Ilipoingia makanisani na mashuleni, ilitakiwa iandamane na nyimbo za do-re-mi, kwa hiyo mizani yake ya zamani, yenye noti chache na nafasi ambazo piano haizijui, ikaachwa katika vikundi vingi. Ukubwa nao ukaongezwa: ndogo ya sauti ya juu, za kati, na besi kubwa ya kuwekwa chini, mpangilio unaofanana sana na solo, ridhimu na besi za bendi ya dansi. Mtu anayeipenda ile ya zamani ana haki ya kuuliza: je, adungu iliota kuwa kwaya, au iliamriwa? Sina jibu la kumridhisha kabisa, kwa sababu sehemu ya hasara hiyo haitarudi. Mizani isiyopigwa kwa vizazi viwili huzikwa na waliokuwa wakiisikia. Hata hivyo swali lenyewe linatenga vizuri mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Kuiga ni kuacha masikio yako mlangoni na kuchukua ya mwenzako. Kutamani maisha ya mwingine ni kuingia na masikio yako yote, ukaona ni kipi kati ya vitu vyake chombo chako kinaweza kukisema kwa lugha yake chenyewe. Yule mpigaji wa nyuzi mbili jirani, anayemfanya msikilizaji asikie mteremko usiokuwepo, hajaiharibu adungu hata kidogo. Besi kubwa pia, katika mikono ya mtu mwenye akili, imejifunza kuuma na kunyamaza kama besi ya rumba bila kuacha ule mvumo wa ngozi ambao gitaa la umeme haliwezi kuupata. Kosa lilikuwa kuwaamuru watu wote waote ndoto moja.

Kwamba gitaa la Hawaii ni la wageni, hilo halinisumbui. Huko Hawaii kwenyewe gitaa lilikuwa la wageni. Lilifika na wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Wahindi walilichukua wakaliimbisha raga, na likapenya katika nyimbo za filamu ambazo Waafrika Mashariki walizitazama kwa miongo mingi bila kuuliza ule mlio wa kulia unatoka wapi. Nchini Nigeria, King Sunny Adé aliliweka gitaa la chuma, mzao wa gitaa la Hawaii, katikati ya juju, juu ya ngoma zinazosema, na Demola Adepoju akalipiga kana kwamba limezaliwa huko. Na wanaopenda nyimbo za kantri za Don Williams, ambao hapa kwetu si haba, wamekuwa wakimsikiliza mpiga gitaa la chuma Lloyd Green bila kulijua jina lake.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wapiga adungu wa Arua na Koboko, na kwa walimu wa muziki wenye gitaa bovu lililotundikwa ukutani. Literemsheni. Ingizeni kipande cha chuma au cha mti mgumu chini ya nyuzi, pale zinapopita kwenye kizingiti cha juu cha shingo, zinyanyuke zisiguse tena vizuizi. Zilegezeni na kuzikaza hadi zitoe, kuanzia nene hadi nyembamba, D, G, D, G, B, D, na mkizipiga zote wazi zitakuwa zimekubaliana. Lilazeni mapajani kama mnavyoipakata adungu. Chuma laini cha mviringo kinatosha, hata shingo ya chupa iliyosuguliwa. Kiwekeni sawasawa juu ya kizuizi, si nyuma yake, na msikibonyeze. Vidole vinavyobaki nyuma ya chuma viguse nyuzi polepole kuzima kelele. Msianze na wimbo wa Hawaii wala wa kantri. Anzeni na ule wa mazishi au wa harusi ambao mmeupiga kwa adungu tangu utotoni, na noti zitafutwe kwa sikio, maana vizuizi sasa ni alama za macho tu. Baada ya miezi miwili rudini kwenye adungu, mkaone mikono yenu inataka nini.