Maiti ya Kibuyu na Tishu: Ruangwa Tumeletewa Jambo

Jamani, njooni muone! Chini ya mwembe hapa Ruangwa, kwenye kiti cha plastiki, amekaa marehemu ambaye hajawahi kuishi. Mashavu yamebonyea, midomo imekauka ikajivuta nyuma ya meno, vidole vimekamata paja kana kwamba bado ana neno la kusema. Vijana wa maigizo wamemleta kutoka Nachingwea kwa kirikuu, kafunikwa turubai, na tangu turubai lifunuliwe mimi sijabanduka. Nimemzunguka, nimemgusa, nimemnusa (ananukia chai!), nimechuchumaa kumtazama kwa chini. Hii ndiyo maiti bandia bora kuliko zote nilizowahi kuziona, na hakuna kilichotumika ambacho hukipati jikoni, stoo au saloni ya jirani.

Marekani vitu hivi vina msimu wake. Ikifika Halloween, 31 Oktoba, watu hupamba vibaraza vyao kwa mafuvu na maiti za bandia, na zile nzuri za dukani huuzwa kwa mamia ya dola. Vijana wetu hawana habari na vibaraza. Wao wanaandaa igizo la usiku: ndugu wanagombea mashamba ya mikorosho huku baba yao aliyekufa amekaa katikati yao, kimya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa igizo kama hilo huwezi kumlaza mwigizaji hai na kumwambia asipumue. Unahitaji mwili.

Na mwili huu umejengwa kwa akili! Kichwa ni kibuyu kikavu kilichotobolewa matundu ya macho na pua, taya ikaumbwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa muhogo. Meno ni punje za mahindi meupe zilizopachikwa moja moja, na upande mmoja wameacha mapengo. Mifupa mirefu ni fito za mianzi, viungo vimefungwa kwa waya wa bindingi ili magoti na viwiko vikunjike. Nywele ni mabaki ya rasta. Kucha ni mbegu za maboga! Hapo nilipiga kelele. Maiti ikikauka, ngozi ya vidole husinyaa na kurudi nyuma, kwa hiyo kucha huonekana ndefu kuliko zilivyokuwa, ndiyo maana wengi huamini kwamba kucha za marehemu huendelea kukua. Vijana wanalijua hilo, wakazitokeza mbegu kidogo kupita ncha za vidole. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalokufanya usogee nyuma bila kujua kwa nini.

Sasa ngozi. Ngozi, ndugu zangu! Ni tishu za chooni, hizi hizi, zilizochanwa vipande na kulazwa juu ya kiunzi kwa uji mwepesi wa muhogo. Zikiwa mbichi husukumwa kwa kidole ziingie katikati ya mbavu na kwenye matundu ya macho. Zikikauka zinajikunja na kujivuta zenyewe, na makunyanzi yanayotokea hapo hakuna mchoraji angeyabuni. Shingoni na mgongoni mwa viganja wamevuta pamba hadi ikawa nyuzi nyembamba, wakazibandika kuwa mishipa. Kisha ikamwagwa chai iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, ikiwa na masizi kidogo, mwili mzima ukalowa. Kabla haijakauka wakapitisha kitambaa: palipoinuka rangi ikafutika, kwenye mikunjo ikabaki. Basi! Ni kile kivuli kilichonaswa ndani ya mikunjo kinachodanganya macho. Nimemtazama jua la saa saba mchana likimpiga usoni, na bado anatisha.

Huko nje wengine hutumia nailoni nyembamba, wakaiyeyusha juu ya mifupa ya plastiki kwa mashine ya hewa ya moto. Sisi tumepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, na moshi wa nailoni haufai kwa mapafu ya mtu. Kwangu mimi karatasi imeshinda hata kwa mwonekano, maana nailoni hung'aa kama kitu kibichi, karatasi hukauka kama ngozi ya kweli.

Wala nisimsikie mtu akisema huu ni ugeni ulioletwa na intaneti. Huku kusini fani ya kumuumba aliyekufa akatembea ina kina chake. Wamakonde wana mapiko: kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani, chenye nywele za binadamu zilizopachikwa na chale zilizofinyangwa kwa nta, na mchezaji amefunikwa nguo mwili wote, ili anayetokea uwanjani awe mzimu. Upande wetu wa Tanzania wapo pia waliochonga tumbo zima la mwanamke mjamzito, likavaliwa na mwanamume anayecheza. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, akakusanya vinyago na kuvipeleka jumba la makumbusho la Leipzig. Nta, nywele, kitambaa, mti mwepesi: vifaa vya nyumbani, na watu waliojua nini kinatisha. Nikimtazama huyu marehemu wa kibuyu naona mkono ule ule.

Ndiyo maana nawaza mbali zaidi ya jukwaa. Filamu zetu za kutisha, tangu enzi za Shumileta ya Mussa Banzi, zimeegemea sana vipodozi kwenye uso wa mwigizaji. Mpeni mpiga picha mwili kama huu, aukaribie polepole hadi kwenye kucha, muone watazamaji watakavyoshika mikono ya wenzao!

Kasoro? Shingo ni nene kidogo kwa mtu aliyekauka hivi. Wapunguze tabaka moja. Na damu kifuani ni nyekundu mno. Damu ya zamani hugeuka kahawia, kwa hiyo waongeze kahawa kwenye ile rangi ya chakula. Kuna aliyeshauri wapake mafuta ya maganda ya korosho ili kupata weusi. Hapana, hapana kabisa! Mafuta yale yanababua ngozi ya aliye hai. Chai na masizi vinatosha.

Nimefurahi pia kuona wamemvisha shati la mtumba na kipande cha gunia chakavu la korosho. Sanda isiguswe kamwe kwa mchezo. Watakaoiga wamtaarifu mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kituo cha polisi kabla ya kumtoa nje, wasimweke kando ya barabara, na kukiwa na msiba jirani afunikwe, onyesho lisubiri. Akimaliza kazi atundikwe darini, siyo kulazwa chini. Mchwa wa Nachingwea hawabagui karatasi, na panya wanaupenda uji wa muhogo.

Gharama yote ni pesa ya chipsi mayai na soda, kwa kuwa vingi viliokotwa. Kwangu huyu amepita kila kipimo. Walimu wa sanaa wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale, vikundi vya maigizo, vijana mnaorekodi video kwa simu: tafuteni vibuyu sasa, chemsheni uji, anzeni na mkono mmoja kabla ya mwili mzima. Oktoba huku ni kukavu, tabaka linakauka upesi. Mvua zikishaanza kunyesha, tishu itaoza kabla haijawa ngozi.