Kukua Baada ya Msiba: Tunda au Sheria? Uhakiki wa Kitabu cha Viktor Frankl

Kitabu cha Viktor Frankl kijulikanacho kwa Kiingereza kama Man's Search for Meaning ni miongoni mwa vitabu ambavyo mwalimu wa utunzaji wa kichungaji hawezi kuvipita. Kilichapwa kwanza kwa Kijerumani mjini Vienna mwaka 1946. Mwandishi wake alikuwa Myahudi, daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1942 alipelekwa katika kambi ya Theresienstadt pamoja na wazazi wake na mkewe Tilly. Mwaka 1944 alihamishiwa Auschwitz, kisha katika kambi zilizokuwa chini ya Dachau. Vita ilipokwisha mwaka 1945, baba, mama, ndugu yake wa kiume na mkewe walikuwa wamekufa.

Hoja yake kuu ni kwamba mwanadamu hudumu akiwa na sababu ya kuishi. Sababu hiyo huipata katika kazi, katika upendo, au katika namna anavyoyapokea mateso asiyoweza kuyaepuka. Hata aliyenyang'anywa vyote amebakiwa na uhuru wa kuchagua msimamo wake.

Kuna mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, Frankl hayatukuzi mateso. Asema juu ya mateso yasiyoepukika tu. Chanzo kikiweza kuondolewa, wajibu ni kukiondoa. Mchungaji amwambiaye mwanamke anayepigwa nyumbani kwake avumilie ili akue kiroho hawezi kumwita Frankl kuwa shahidi wake. Pili, hadai kwamba waliorudi kutoka kambini walikuwa bora kuliko wenzao. Akiri kwamba waliokuwa bora hawakurudi.

Hata hivyo, kitabu kina udhaifu, nao huonekana pale mwandishi anapoeleza kwa nini wengine walikufa. Asimulia kwamba kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 vifo viliongezeka kambini, kwa kuwa wafungwa walitumaini kuwa nyumbani kwa sikukuu na tumaini hilo likavunjika. Yawezekana ni kweli kwa baadhi yao. Lakini huko Auschwitz wazee, watoto na wagonjwa walitengwa siku ya kufika na kupelekwa katika vyumba vya gesi. Hawakupewa nafasi ya kuchagua msimamo wowote. Na Tilly, ambaye mumewe alimwona moyoni alipokuwa akitembea gizani kwenda kazini, alifia Bergen-Belsen. Je, tuseme alikosa sababu ya kuishi? Frankl mwenyewe hasemi hivyo, lakini msomaji asiyeangalia aweza kufika huko.

Hatari hiyo mwandishi wa makala haya anaifahamu kwa makosa yake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mwana wa pekee wa mjane mmoja katika usharika niliokuwa nikiutumikia. Siku ya tatu nilimsomea Warumi 5, nikamfafanulia jinsi dhiki inavyozaa saburi, na jinsi watu wengi walivyotoka katika misiba wakiwa imara zaidi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Baba Mchungaji, kwa hiyo na hilo nalo natakiwa nilifanye?"

Nilidhani nimempelekea Injili, naye alisikia Sheria, tena alisikia sawasawa. Mtume Paulo anaposema juu ya dhiki, anasema akiwa ndani yake, na mlolongo wote anaukalisha juu ya pendo la Mungu lililomiminwa mioyoni, wala si juu ya nguvu za mwenye kuteswa. Mimi niliuchukua ushuhuda nikaugeuza kuwa amri. Kukua baada ya msiba kukifanywa kuwa tendo linalodaiwa, mfiwa huwa na mizigo miwili: msiba wenyewe, na aibu ya kutokukua.

Hapa ndipo Luther anapotusaidia. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 alifundisha kwamba mwanatheolojia wa utukufu huuita uovu wema, bali yule wa msalaba huliita jambo kama lilivyo. Mwaka 1542 binti yake Magdalena alipofariki akiwa na umri wa miaka 13, Luther aliamini ufufuo, na bado alikiri kwamba imani hiyo haikumwondolea uchungu. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya (Ayubu 2:13). Walikosea walipoanza kueleza. Hata mwishoni mwa kitabu, Ayubu anapata watoto wengine, lakini hatuambiwi kwamba wale wa kwanza walirudi.

Kwa hiyo nashauri wanafunzi wetu wakisome kitabu cha Frankl, tena wakisome pamoja na Ayubu na Maombolezo. Wakisome kama neno la mtu aliyeteswa, ambalo yeye ana haki ya kulisema. Wasilichukue kuwa agizo la kupeleka matangani.

Mama yule sasa huenda kukaa na wafiwa wengine usharikani. Huosha vyombo, huteka maji, hulala pamoja nao mkekani. Sijamsikia akimshukuru Mungu kwa kifo cha mwanawe, wala sitamwomba afanye hivyo.