Kuikimbia Mvua ili Uione

Watu wakisikia kuna mtu anafukuza radi kwa kamera, picha inayowajia ni ya kichaa anayeendesha gari kuelekea kwenye ngurumo. Fundi niliyeshinda naye siku moja ya Novemba, kati ya Kibaha na Kisarawe, alifanya kinyume. Wingu lilipoanza kupanda, alifungasha vyombo na kulipa kisogo.

"Ukiwa chini yake unaona dari tu, kaka," aliniambia, "na dari hata nyumbani ipo."

Mkate wake anaupata kwenye harusi, sendofu na mahafali. Vuli ikifika, siku za katikati ya wiki ambazo watu hawaoani huzitumia kupiga picha za mvua. Hakuna anayemlipa. Kibaha kuna mtaa unaoitwa Picha ya Ndege, na nadhani kila mteja mpya humtania kuhusu jina hilo, mimi nilijizuia.

Tulianzia Maili Moja kwa chai ya rangi na chapati. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa alikwishaisoma usiku, hasa kuona kama wametoa angalizo. Asubuhi alikuwa na swali jingine: jua litaiwakia ardhi ya Pwani bila kuzuiwa kwa muda gani? Akafungua kwenye simu picha za satelaiti ya Meteosat, ambazo hubadilika kila robo saa. Anga lilikuwa wazi, bila wingu, kuanzia Ruvu hadi Chalinze. Alifurahi kama mtu aliyeona anga la pikiniki, na mimi nilidhani siku imeharibika. Kumbe mawingu ya asubuhi ndiyo adui. Yakitanda mapema, ardhi haichemki, na ardhi isipochemka hakuna kinachoisukuma hewa juu.

Novemba kwetu ni tangambili: kusi imekwisha nguvu, kaskazi haijashika usukani. Katika utulivu huo upepo wa bahari hupata nafasi. Huanza kuingia nchi kavu kabla ya adhuhuri, ukiwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, na unapokutana na hewa ya moto ya bara huipandisha. Mahali pa mkutano huo panaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Ni mstari wa vijiwingu vidogo, sakafu zao zikiwa usawa mmoja, unaosogea taratibu kuelekea magharibi. Fundi alinionyesha mstari wenyewe ulipokuwa bado upande wa Kibamba. Ulipotupita vichwani, kitambaa chembamba alichofunga kwenye kioo cha pembeni cha gari kiligeuka mara moja, joto likapungua, naye akaandika saa kwenye daftari.

Kule Marekani mchezo huu una historia ndefu. David Hoadley alianza kufukuza dhoruba huko North Dakota mwaka 1956, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wenzake, Storm Track. Lakini dhoruba zao huzunguka na kuishi kwa saa kadhaa, kwa sababu upepo wa juu na wa chini hutofautiana sana kwa kasi na mwelekeo. Za kwetu hazina msaada huo. Wingu hupanda wima, hukomaa, kisha mvua yake yenyewe huanguka palepale lilipokuwa likivuta pumzi na kulizima. Mara nyingi maisha yake yote hayazidi saa moja. Ukilifukuza utalikuta limekwisha. Kwa hiyo ufundi wa hapa ni kubashiri litakapozaliwa, kisha kuwahi kusimama mahali ambapo mwanga utalipiga vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Kufikia saa nane mchana minara miwili ya mawingu ilikuwa inapanda upande wa Mlandizi, na mimi nilikuwa tayari kwa safari ya Visiga. Yeye akageuza gari kuelekea Kiluvya, tukakatiza hadi Kisarawe. Njiani alinieleza hesabu yake. Novemba jua huzama kusini kidogo ya magharibi. Ukisimama Kibaha ukatazama magharibi, jua liko nyuma ya wingu: kingo zinang'aa, tumbo lote ni jeusi, sura haipatikani. Ukisimama Kisarawe ukatazama kaskazini-magharibi, mwanga unalipiga wingu ubavuni, kutoka kushoto, na kila uvimbe unapata kivuli chake. Tena umbali huo unatosha wingu lenye kimo cha kilomita 15 au zaidi kuingia kwenye lenzi pana likiwa zima, kichwa hadi miguu.

Alichagua mteremko wazi kando ya shamba la mihogo, mbali na mikorosho, vilima vya Pugu vikiwa nyuma yetu. Gari aliliegesha hatua chache tu kutoka kwenye kamera, milango ikiwa haijafungwa kwa ufunguo. Sheria yake ni ya kuhesabu: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo; kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikishuka chini ya thelathini, kamera inabaki, mtu anaingia garini na kupandisha vioo. Huwa habishaniwi. Mwaka 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule moja mkoani Geita wakiwa darasani, na habari hiyo ameihifadhi kwenye simu yake.

Mikono yake wakati wa kufunga kamera haina papara. Stendi aliitanua miguu ikawa fupi, akaning'iniza chini yake mfuko wa kitambaa wenye mawe. Kamera akaivika nailoni nene ya kufungashia magodoro, maana mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na anadai marufuku hiyo ilimsaidia: nailoni nene haipigi kelele kwenye upepo. Akazima fokasi ya kujiendesha, akatafuta mnara wa simu kule mbali, akazungusha pete ya lenzi hadi vyuma vya mnara vikawa kama nyuzi. Kisha akabandika kipande cha utepe juu ya pete ili isisogee. Picha moja kila sekunde 5. Kwa saa nzima ni picha 720, zinazotoa video ya sekunde zisizofika 29.

Sekunde hizo nimeziona. Wingu linachemka, linafika kwenye mpaka wa tabaka la chini la angahewa, linashindwa kupanda zaidi na kutandaa bapa kama fuawe ya mhunzi. Chini yake pazia la kijivu linashuka mahali pamoja, linapanuka, linaifuta Mlandizi.

Radi za mchana ni ngumu zaidi. Mwako mmoja mara nyingi ni mapigo matatu manne yanayopita njia ileile, kila moja fupi kuliko muda ambao kamera huchukua kuisoma picha mstari kwa mstari. Matokeo yake ni fremu iliyokatwa: nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini giza. Wengine huzitupa. Yeye huziacha ndani ya video, kwa sababu mtazamaji haioni fremu moja bali anauhisi mpapatiko wake. Giza lilipoingia alibadili mbinu. Alipunguza usikivu wa kamera kwa mwanga (ISO) hadi 100, akabana tundu la lenzi, akaiacha iwe wazi sekunde 15 kila mara, radi zijichore zenyewe.

Video zake hazina muziki. Mwanzoni huandika tarehe, saa, mahali aliposimama na upande aliotazama, basi. Nadhani adabu hiyo ya kazi ina uzito kuliko hata ufundi wake wa mwanga, kwa jinsi magrupu yetu ya simu yanavyojaa radi za Brazil zilizoandikwa "Dar leo".

Saa mbili usiku rafiki yake wa Maneromango alipiga: huku kunanguruma vibaya, njooni. Mimi nilishanyanyua stendi. Fundi akafungua picha ya satelaiti, akasubiri robo saa ipite, akafungua nyingine na kuzilinganisha. Kichwa cha wingu kilikuwa kinatandaa bila kitu kipya kuchomoza katikati.

"Hilo linakufa. Tukifika tutakuta matope," alisema, akaita sahani mbili za mihogo ya kukaanga.