Difu Kunyamaza Si Difu Kupona

Sifa zimekuwa rahisi mno siku hizi. Land Cruiser 75 ikitoka gereji ya Magongo au Bombolulu bila ule mlio wake, mwenyewe hutangaza kila anapoegesha kwamba amepata fundi: difu ilikuwa ikilia tangu Mazeras, sasa kimya. Wanaosikia hukubali, na foleni kwa fundi huyo huongezeka. Hakuna anayeuliza imenyamazishwa na nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na chini ya gari hakuna kifaa kinachouthibitisha msemo huo kuliko difu. Mlio huzimwa kwa njia nyingi, na iliyo rahisi kuliko zote haigusi hata jino moja. Oili 90 humwagwa ikatiwa 140, au 140 yenyewe ikakorogwa na grisi. Wenye roho ngumu zaidi hutia vumbi la mbao, ujanja mkongwe wa wauza magari mabovu, likajaa baina ya meno na kuuzima mlio kwa muda unaotosha gari kupata mnunuzi. Ukihoji, utajibiwa kwamba joto la Pwani linataka oili nzito. Kitabu cha Toyota cha magari haya hutaka SAE 90 mahali popote ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na Mombasa, kwa kadiri tunavyoijua, haijafika huko. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kuzifikia beringi za pinioni, kwa hiyo kile kinachosifiwa kuwa tiba huwa ndiyo njaa inayoziua.

Njia ya pili ina heshima kidogo zaidi, ndiyo maana inadanganya wengi zaidi. Mteja huambiwa ashike flanji ya pinioni aitikise, inacheza. Fundi huikaza nati kwa bomba refu, mteja hutikisa tena, haichezi, pesa hulipwa. Kwenye difu zenye ile bushi ya kubonyea nyuma ya nati, bushi ikishabonyezwa kupita kipimo hairudi, na kulegeza nati si kurekebisha; inatakiwa bushi mpya, kazi ianze upya. Uzito wa kuzungusha pinioni hupimwa kwa geji, haukadiriwi kwa kiganja. Isitoshe, uchezo unaosikika kwenye flanji ni jumla ya mambo mengi: spaida gia zilizolika, njia za hafu-shafti, kraunwili na pinioni zenyewe. Kukaza nati huondoa ulegevu wa beringi peke yake, na mara nyingi ulegevu huo haukuwepo. Beringi iliyobanwa hivyo hukaa kimya mpaka siku inapoungua, na siku hiyo fundi hulaumu spea.

Basi ikaguliwe vipi? Wengi wanaojiita wajuzi watataja uchezo kati ya kraunwili na pinioni, nao hawakosei: kwa difu nyingi za Toyota za rika hili ni kati ya 0.13 na 0.20 ya milimita, upimwe kwa geji ya mshale, tena sehemu kadhaa kuizunguka kraunwili, si kwenye jino moja lililobahatika. Lakini kipimo hicho kinaweza kuwa sahihi huku pinioni ikiwa imeingia ndani mno au kubaki nje, na hapo meno yanakutana mahali pasipofaa kwa uchezo ulio halali kabisa. Ushahidi ni rangi. Meno matatu au manne ya kraunwili hupakwa, kraunwili ikazungushwa huku ikizuiliwa ili meno yabanane kwa nguvu, kisha alama inasomwa. Ikikaa kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali, shimu iongezwe. Ikizama kwenye shina, imekaribia mno, shimu ipunguzwe. Inayotakiwa ni ile iliyotulia katikati, yenye umbo la yai, isiyokimbilia ukingo wowote. Hayo mafundi wengi wanayajua, na baadhi hata huyafanya.

Wanachokikosa ni ubavu wa pili. Kila jino la kraunwili lina ubavu uliobinuka, ambao difu ya nyuma huutumia gari linapovutwa na injini, na ubavu uliobonyea, unaobeba mzigo unapoachia mafuta. Fundi wa haraka hupaka wa kwanza, akaona yai lake, akafunga hausingi. Kwa difu ya nyuma huo ni uzembe. Kwa ya mbele ni kosa kubwa, maana kwenye Land Cruiser za zamani ambazo pinioni yake ya mbele iko chini kama ya nyuma, na kwenye Land Rover fupi za kale ambazo difu ya mbele na ya nyuma ni moja, gari likienda mbele difu ya mbele huvuta kwa ule ubavu uliobonyea. Ubavu ambao hakuna aliyeutazama ndio unaopanda mlima. Toyota wenyewe walilitibu jambo hili baadaye, kwenye 80 na kisha 79, pinioni ya mbele ilipopandishwa juu na meno kukatwa kinyume ili ubavu imara ndio uvute. Fundi anayefunga difu ya mbele ya 75 bila kupaka rangi pande zote mbili hajaifunga, ameifunika. Tena pande mbili zikisomwa pamoja husema zaidi: alama zikihama zote kuelekea ncha moja ya urefu wa jino, kosa kwa kawaida ni la uchezo, zikipishana, moja huku nyingine kule, ni la kina cha pinioni. Nusu ya rangi haiwezi kukutofautishia hayo. Wazee waliofundishwa karakana za bandari na za reli walizitazama pande zote mbili kabla hawajafungua mdomo kuhusu bei. Sasa bei hutajwa difu ikiwa bado chini ya gari.

Kuna pingamizi la haki: meno yaliyokwisha tembea hayatoi alama ya kitabuni. Kweli. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kugongwa namba moja, na baada ya miaka huwa kinu na mchi wake, kila kimoja kimemzoea mwenzake. Kwa seti ya namna hiyo, ukibadilisha beringi tu, kazi ni kuirudisha pale pale ilipokuwa imezoeana, si kuitafutia yai jipya. Ndiyo maana namba zisomwe kwanza. Difu ya mtumba iliyotoka Dubai, yenye namba moja kwenye kraunwili na nyingine kwenye pinioni, isinunuliwe hata kwa bei ya chuma chakavu. Na ukinunua difu moja, hesabu meno: 37 kwa 9 ni 4.11, na ikiwa mbele na nyuma hazilingani, ukitia four-wheel kwenye lami kavu mtambo mzima utajisokota.

Kuboresha sasa. Tangu mashindano ya magari ya porini ya Rhino Charge yaanze mwaka 1989, kila mwenye gari la zamani anataka difu loki, na Air Locker ya ARB ni kitu kizuri, sibishi. Ila loki hufungwa juu ya kazi ya rangi, haiifuti. Kuichomelea difu ya nyuma ili magurudumu yazunguke pamoja ni ujanja wa mchanga wa Diani ambao mzunguko wa kwanza wa barabarani huutoza hafu-shafti. Matairi makubwa yanataka meno mengine, 4.88 kwa mfano, mbele na nyuma kwa pamoja. Anayebadilisha nyuma tu kwa kuwa four-wheel haitumii mara kwa mara, basi aitoe kabisa.

Kipumulio kisiachwe. Difu yenye moto ikikutana na maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kunyonya, na kwa gari linaloteremka feri ya Likoni wakati wa bamvua, kinachonyonywa ni chumvi. Bomba lake lipandishwe mpaka kwenye injini. Hausingi iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa siiamini, na siihitaji sababu. Sili iliyojazwa silikoni pembeni ni fundi asiyejiamini. Kwa meno mapya, oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 500 na sumaku ya pulagi ifutwe kwa kidole: unga laini wa kijivu ni kawaida, lakini kikipatikana kipande kinachosikika kwa ukucha, difu irudi mezani siku hiyo hiyo, na salio la fundi lingoje.