Mzimu Hauna Mikono

Kitabu kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, alichotunga Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kilipigwa chapa mwaka 1960. Chaanza kwa maiti: Bwana Ali bin Bwana Marjan ameonekana penye mzimu, ameuawa. Mtu mwepesi wa kusadiki angesema wazee wa kale wamekasirika, na shauri likaisha. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Aufuata ukweli kama mwanamke wa shamba asukaye ukili: mwaa huu watoka wapi, waingia wapi?

Twamlaumu mtungaji kwa neno moja. Bwana Msa hunena mno, na rafiki yake Najum hana budi kusikiliza. Nasi twapenda kuachiwa kidogo tufikiri wenyewe.

Walakini funzo lake ni zito. Vijijini mwetu, mtu afapo ghafula, mara ngapi tumemtaja kwa uchawi bibi kizee asiye na mtetezi, nasi hatujauliza hata neno moja? Mzimu hauna mikono. Auaye ni mtu. Basi tuulize kwanza, ndipo tuhukumu.